Tunamlilia Nani Mlango Unapofungwa?

Mara ya kwanza kuitazama The Boy in the Striped Pyjamas, filamu ya mwaka 2008 iliyoongozwa na Mark Herman, nilijikuta namwombea kamanda wa kambi ya mauaji aongeze mwendo. Mvua inamwagika, mama analia kando ya seng'enge, na mtoto wao Bruno yumo ndani, kabanwa katikati ya watu waliovuliwa nguo. Kimbia baba, kimbia! Kisha nikajiuliza: akiwahi, itakuwaje? Atamtoa mwanawe, halafu mlango ufungwe kwa waliobaki. Na mimi kwenye kochi ningeshusha pumzi.

Filamu hiyo imetokana na riwaya ya mwaka 2006 ya John Boyne wa Ireland. Bruno, mtoto wa kamanda wa Auschwitz, kambi waliyoiendesha Wanazi wa Ujerumani huko Poland wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, anafanya urafiki na Shmuel, mtoto wa Kiyahudi aliye upande wa pili wa uzio. Siku moja anavaa sare ya milia na kupenya chini ya waya ili amsaidie mwenzake kumtafuta baba yake. Wote wawili wanaswagwa hadi kwenye chumba cha gesi.

Wanaoutetea mwisho huu wana hoja nzito. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na hapa kisima kimemmeza mwana wa mchimbaji. Tanzia ipi ina kinaya kikali kuliko hicho? Tena mwanafunzi anayesoma kwamba waliuawa Wayahudi milioni 6 hawezi kuiona namba hiyo, ila mikono miwili ya watoto iliyoshikana gizani anaiona. Boyne mwenyewe ameiita kazi yake ngano, na ngano haidaiwi vyeti.

Ningenyamaza hapo, kama si Rudolf Höss. Huyo ndiye aliyekuwa kamanda halisi wa Auschwitz, na aliishi na mkewe na watoto wao watano katika nyumba iliyopakana na kambi. Watoto wote watano walitoka hai vitani. Yeye alihukumiwa Poland na kunyongwa palepale Auschwitz, Aprili 1947, lakini kisima hakikummeza mtoto wake hata mmoja. Kilimeza wa wenzake: watoto wapatao 232,000 walipelekwa kambini humo, wengi mno wao Wayahudi, na wengi waliuawa siku ileile waliyoshushwa kwenye treni. Ndiyo maana ni vigumu kumwamini Shmuel anayepata nafasi ya kukaa kando ya uzio siku baada ya siku akipiga soga. Mwaka 2020 jumba la kumbukumbu la Auschwitz lilitamka wazi kwamba anayesoma au kufundisha historia hii aiepuke riwaya hiyo.

Kosa la historia, hata hivyo, silo linaloniudhi zaidi. Kifo cha Bruno kinauma kwa sababu kimetokea kwa makosa. Hakikuwa chake. Sasa lifuate wazo hilo hadi mwisho wake: kilikuwa cha nani, basi? Shmuel anakufa dakika ileile na hakuna anayekimbia kwenye mvua akiliita jina lake.

Kwa haki, riwaya ina nidhamu kuliko filamu. Hakuna mbio kitabuni. Mlango unafungwa, msimulizi anaruka mbele, na muda mrefu baadaye baba anagundua kwamba uzio ulikuwa umeachia chini, pakapitika mtoto. Halafu msimulizi anatuambia, kwa kejeli kavu, kwamba hayo yalikuwa zamani na hayawezi kutokea tena. Filamu ilitaka taharuki, ikamkabidhi kamanda saa. Ila picha yake ya mwisho naiheshimu: kamera inarudi nyuma taratibu kutoka kwenye mlango uliofungwa, na sare za milia zimeachwa bila wenyewe. Hapo huwezi tena kujua ipi ni ya Bruno.

Kwamba machozi hufundisha, sina hakika sana. Schindler's List, filamu ya Mjerumani Oskar Schindler aliyewaokoa Wayahudi, inayomalizika kwa manusura wakiweka mawe juu ya kaburi lake Jerusalem, ilipewa Oscar saba tarehe 21 Machi 1994. Tarehe 7 Aprili mauaji ya kimbari yakaanza Rwanda. Siilaumu filamu, wenye uwezo wa kuyazuia walikuwa na ofisi na majeshi.

Imre Kertész, Mhungaria aliyepelekwa Auschwitz akiwa na miaka 14, alichukua njia nyingine katika riwaya yake ya mwaka 1975, Sorstalanság. Kijana anayesimulia riwaya hiyo anarudi Budapest akiwa hai. Majirani wanamshauri asahau, naye anawaza kwamba safari ijayo wakimuuliza, atawasimulia furaha ya kambini. Furaha! Mwisho huo unakunyima kilio, na kwangu ndio tanzia kubwa zaidi, maana aliyenusurika hana wa kuzungumza naye. Filamu ya mwaka 2005, ambayo Kertész aliiandikia mswada mwenyewe, imeulainisha kidogo kwa mwanga mzuri na muziki wa Ennio Morricone.

Kisha ipo The Zone of Interest ya Jonathan Glazer, ya 2023, filamu ya familia ileile ya Höss, ambayo haionyeshi hata kifo kimoja. Karibu na mwisho inaturusha hadi Auschwitz ya leo, tunawaona wafanya usafi wakifuta vioo, na nyuma ya vioo kuna lundo la viatu. Ningesema huo ndio mwisho sahihi, lakini unamhitaji mtazamaji anayejua tayari viatu vile ni vya nani. Mpwa wangu wa miaka kumi na minne alisinzia kabla hatujafika hapo. Ile ya Bruno aliitazama bila kupepesa, akalia, kisha akaniuliza, "Mjomba, baba yake alifanywaje baadaye?" Habari za Shmuel hakuuliza.