Kamba ya kutoa gari, si ya kusafirisha gari

Ukitoka Bomang'ombe kwenda Moshi, barabara inateremka hadi Daraja la Kikafu. Jioni moja, giza likiwa linaanza kuingia, nilijikuta nyuma ya Canter inayovuta Noah kwa kamba ya manila iliyokunjwa mara mbili. Noah haikuwa na taa hata moja. Usukani wake ulishikwa na kijana mwenye ovaroli, spana boi bila shaka, kichwa nje ya dirisha kwa sababu Canter ilikuwa imemziba kila kitu mbele. Mteremko ulipoanza kamba ikalegea, ikawa inaburuzika kwenye lami, na Noah ikaanza kuikaribia Canter. Nilimwona kijana akijiinua kwenye kiti, amekanyaga breki kwa miguu yote miwili. Walisimama bampa kwa bampa.

Nimelisimulia hili kijiweni, na kijiwe kikagawanyika. Upande mmoja unasema kuvuta gari kwa kamba kupigwe marufuku kwenye barabara kuu: gari likiharibika, lisubiri bredauni. Upande wa pili unasema hiyo ni sheria ya wenye hela, na kwamba gari bovu lililoachwa barabarani usiku linaua watu wengi kuliko kamba. Mimi nadhani kila upande umeshika jambo la kweli, ila wanabishania kitu kisicho chenyewe.

Tuanze na wanaotaka marufuku, maana hesabu iko upande wao. Gari linalokwenda kilomita 40 kwa saa linakata mita 11 kila sekunde. Kamba ya mita 5 ina maana kwamba gari la mbele likisimama ghafla, wa nyuma ana chini ya nusu sekunde kabla hajafika. Dereva aliye macho huhitaji kama sekunde nzima kuona na kuhamisha mguu. Kwa kilomita 20 kwa saa anapata karibu sekunde moja, yaani ananusurika kwa shida. Kwa hiyo usalama wa wanaovutana uko mikononi mwa wa mbele: apunguze mwendo taratibu, asikanyage breki ghafla, aonyeshe ishara mapema. Kwenye njia ambayo bodaboda anaweza kukatiza wakati wowote, hilo ni ombi kubwa.

Halafu kuna breki zenyewe. Injini ikizima, ule msaada unaolainisha pedeli hubaki kwa kukanyaga mara moja au mbili tu, kisha pedeli inakuwa ngumu kama jiwe. Breki hazijafa, bali zinataka nguvu za mguu wako peke yako. Usukani wa pawa nao unakuwa mzito, na ukichomoa funguo unaweza kujifunga kabisa kwenye kona. Ndiyo maana swichi lazima iwe imefunguliwa hata kama injini haiwaki. Spana boi wa Kikafu sijui kama aliambiwa lolote kati ya haya. Kwa kawaida anayepewa usukani wa gari linalovutwa ni yule asiye na kazi nyingine muda huo, wakati kazi yake ndiyo ngumu kuliko zote mbili.

Sasa wale wa kamba. Hoja yao haina hesabu, ina barabara. Kutoka Sakina, Arusha, hadi Tengeru tuna njia mbili kila upande, na gari lililokwama linaweza kupitwa. Ukishavuka Tengeru kwenda Usa River na Maji ya Chai, ni njia moja kwenda na moja kurudi. Fuso iliyokufa hapo saa mbili usiku, imewekewa matawi ya miti kama onyo, inamlazimisha kila anayekuja nyuma kuingia upande wa pili. Matawi hayaakisi mwanga. Mwenye basi anayaona akiwa ameshafika. Katika hali hiyo, kumwambia dereva asubiri bredauni itoke mjini, kwanza wapatane bei kwa simu, ni kumwambia aendelee kuwa mtego. Mtu mwenye kamba na Canter akimvuta mita mia tatu hadi penye uwazi, ameokoa roho. Hapo sioni hoja ya marufuku.

Na bredauni si malaika pia. Ile inayoinua magurudumu ya mbele na kuburuza ya nyuma inafaa gari linalosukumwa na magurudumu ya mbele. Noah zile za zamani, zenye injini chini ya viti, zinasukumwa na ya nyuma. Ukiiburuza hivyo ikiwa ya otomatiki, giaboksi inazungushwa bila oili kupelekwa, kwa sababu pampu yake inaendeshwa na injini, na injini imezima. RAV4 ya foo-wili ni mbaya zaidi: mawili yamening'inia, mawili yanazunguka. Fundi mmoja wa Moshi aliniambia, "Mangi, gari ya otomatiki haivutwi kama ng'ombe." Gari la aina hiyo lipakiwe lote juu, na kama ni lazima livutwe kwa kamba, gia iwe nyutro, mwendo mdogo, umbali mfupi. Kitabu cha gari huwa kinasema, kama bado kimo kwenye dashibodi.

Wenzetu wamelitatua kwa masharti, hawakusema ndiyo au hapana tu. Uingereza nafasi kati ya magari mawili isizidi mita 4.5, na ikizidi mita 1.5 kamba ionekane, kwa mfano kwa kitambaa cha rangi kali. Urusi wanataka kamba ya mita 4 hadi 6, mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa, na gari ambalo breki zake hazifanyi kazi halivutwi kwa kamba kabisa. Kwangu mimi kilomita 50 ni nyingi mno. Ila kanuni niipendayo ni ya Ujerumani: gari lililoharibikia kwenye barabara yao kuu ya mwendokasi, likivutwa, litoke kwenye njia ya kwanza ya kutokea. Na lililoharibikia nje haliruhusiwi kuingizwa humo kwa kuvutwa.

Hapo ndipo ninaposimama. Kamba ni ya kutoa gari barabarani, si ya kulisafirisha. Toka lilipofia hadi mahali pa kwanza palipo salama, kituo cha mafuta au uwanja wa stendi, kamba ni halali. Kutoka hapo hadi gereji iliyo mji wa pili, ni bredauni. Na breki zikiwa mbovu, au mbele kuna mteremko, kamba isifungwe hata kwa mita hamsini, kwa sababu kamba inavuta tu, haijawahi kuzuia kitu. Chuma kigumu cha kuvutia kinazuia, lakini hesabu magari mangapi unayoyajua yanatembea nacho.

Najua sharti hili linabana wapi. Ukiliacha gari kituoni usiku, asubuhi unaweza kulikuta halina betri wala kioo cha pembeni. Ukimlipa mlinzi ni gharama, na bredauni ya kesho ni gharama nyingine juu yake. Mwenye Noah moja inayolisha nyumba nzima hafanyi hesabu ya nusu sekunde. Anafanya ya siku ngapi gari halitaingiza kitu. Kumkamata na kumpiga faini bila kumwonyesha pa kuliacha gari salama ni kumfundisha avute usiku wa manane, wakati hakuna trafiki.

Kuna na mambo madogo yanayopuuzwa. Nyuma ya ile kofia ndogo ya plastiki kwenye bampa kuna tundu la kufungia ndoano, na ndoano yenyewe mara nyingi imelala pamoja na jeki. Badala yake watu wanafunga kamba kwenye tairodi, ile fimbo inayogeuza magurudumu, wanaipinda, kisha wanalaumu alaimenti. Weka hata koti katikati ya kamba, maana manila hunyumbulika, na ikikatika inarudi kama fimbo. Hazadi ziwake, ila zikiwaka indiketa haifanyi kazi kwenye magari mengi, kwa hiyo kukata kona mnaambizana kwa mkono. Na kama tatizo lilikuwa alteneta, inayochaji betri, basi betri imeshakwisha na hazadi haziwaki. Usiku, gari lisilo na taa lisivutwe.

Siku ile Kikafu nilisimama pembeni, nikamuuliza dereva wa Canter kwa nini hawakuishia Bomang'ombe, penye vituo vya mafuta na mafundi wa kutosha. Alikuwa ameinama anakagua fundo.

"Mangi, fundi wake yuko Majengo, Moshi."

Akaongeza fundo jingine, spana boi akarudi kwenye usukani, wakaendelea.