Imani, Sheria na Meza ya Bwana

Usa River, kwenye barabara ya Arusha kwenda Moshi, kuna vyuo vikuu viwili vya kanisa: Makumira cha Walutheri na Chuo Kikuu cha Arusha cha Waadventista Wasabato. Ubishi wa waumini wa pande hizi mbili utausikia hata ndani ya Coaster. Mlutheri anatoa Warumi 3:28, kwamba mtu huhesabiwa haki, yaani hukubaliwa na Mungu, kwa imani pasipo matendo ya sheria. Msabato anajibu kwa Yakobo 2:24, kwamba ni kwa matendo, si kwa imani peke yake. Kila mmoja anashuka na ushindi wake.

Ajabu ni kwamba Paulo na Yakobo wanamwita shahidi mmoja, Abrahamu. Paulo anashika Mwanzo 15, Abrahamu alipoamini akahesabiwa haki, kabla ya tohara ya sura ya 17, na miaka 430 kabla ya sheria kuja, anavyowaambia Wagalatia. Yakobo anaruka hadi sura ya 22, Isaka akiwa juu ya madhabahu. Mmoja anauliza Abrahamu alikubaliwa lini. Mwingine anauliza imani ile ilionekana wapi. Hapo sioni ugomvi.

Ugomvi upo kwenye aina ya sheria. Msabato husema Paulo alikataa tohara na taratibu za Kiyahudi, si Amri Kumi, kwa hiyo Sabato, iliyo mojawapo ya hizo kumi, imebaki palepale. Hoja hii ina uzito, maana Wagalatia kweli walikuwa wakisukumwa watahiriwe. Lakini katika Warumi 7:7, Paulo anapotaka mfano wa sheria iliyomwonyesha dhambi, anachukua "Usitamani", amri ya kumi yenyewe. Kumbe hata Amri Kumi, kwake, zinamfichua mtu bila kumpa haki. Na hiyo haina maana kwamba zimefutwa: Warumi 3:31 anasema imani inaithibitisha sheria. Tuwe wakweli pia: mafundisho rasmi ya Waadventista hayasemi Sabato inaokoa, yanasema utii ni tunda la wokovu. Anayedai vinginevyo kwenye Coaster anajisemea mwenyewe.

Kwa hiyo naegemea upande wa imani. Ila Walutheri wenzangu wa Kilimanjaro wasishangilie mapema.

Watoto wetu wa kipaimara wanakariri Katekisimu Ndogo ya Luther ya mwaka 1529, na inaanza na Amri Kumi. Hilo halina shida. Shida ni kile tunachokiita kurudi kundini. Binti akizaa kabla ya ndoa, katika sharika nyingi anazuiwa Meza ya Bwana, yaani mkate na divai ya ushirika, mpaka atubu na kupokelewa tena, mara nyingi mbele ya watu. Kijana aliyempa mimba, kama hajatajwa, anaendelea kushiriki. (Mwenye kusengenya hajawahi kuitwa mbele, nijuavyo.)

Wazee wa kanisa wana jibu: hii ni nidhamu ya usharika, haihusiani na haki mbele za Mungu, bila nidhamu, neema itageuzwa ruhusa. Hofu hiyo naielewa, na Yakobo angeielewa. Hata Paulo aliwaagiza Wakorintho wamtenge mtu.

Lakini turudi Wagalatia 2. Petro, kule Antiokia, alikuwa akila na watu wa Mataifa, yaani wasio Wayahudi. Walipofika watu waliotoka kwa Yakobo akajitenga, kwa kuwaogopa waliotahiriwa. Petro hakuhubiri kwamba tohara inaokoa. Alibadilisha tu mahali pa kukaa wakati wa chakula. Paulo akampinga hadharani, kwa sababu aliona kwamba meza ilikuwa inahubiri injili nyingine. Maneno kwamba mtu hahesabiwi haki kwa matendo ya sheria, katika waraka huo, yanatokea kwa mara ya kwanza kwenye ugomvi huohuo wa meza, mstari wa 16.

Kwa kipimo hicho, nidhamu inayomgusa binti na kumwacha kijana haiwezi kutetewa kwa kusema ni utaratibu tu. Na wala haitoshi kama sheria, kwa kuwa sheria yenyewe, katika Walawi 20:10 juu ya uzinzi, iliwataja wote wawili, mwanamume na mwanamke.