Nyota za kwenye kishikwambi zinafundisha nini?

Programu nyingi za kujifunzia tunazowawekea watoto kwenye simu zina mwendo mmoja: swali linatokea, mtoto anagusa jibu, nyota inang'aa, swali jingine linakuja. Hiyo ni nadharia ya tabia. Inasema kitendo kinachofuatwa na matokeo mazuri hurudiwa. Mwaka 1953 mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner alitembelea darasa la hesabu la bintiye, akakerwa na mambo mawili: watoto hawakujua papo hapo kama wamepata au wamekosa, na wote walilazimika kwenda kwa mwendo mmoja. Mwaka uliofuata alionyesha mashine yake ya kufundishia, iliyomjulisha mtoto papo hapo kama amepata na kumwacha aende kwa mwendo wake.

Mambo hayo mawili yanazisumbua shule zetu za Mbagala na Gongo la Mboto, Dar es Salaam, hadi leo. Mwalimu mwenye watoto mia darasani atasahihisha madaftari yote saa ngapi? Mtoto asiyejua kukopa kwenye kutoa anarudia kosa lilelile ukurasa mzima, na daftari likirudi kesho kutwa, kosa limeshazoeleka. Hapo naiunga mkono mashine bila kusita. Tena Skinner aliikataa adhabu, akisema huzima tabia kwa muda tu. Wanaodai nadharia yake inamdhalilisha mtoto waitazame kwanza fimbo iliyo mezani kwa mwalimu.

Tuna ushahidi wa karibu pia. Katika Global Learning XPRIZE, shindano la kimataifa la programu za kujifunzia, watoto karibu 3,000 wa vijiji 170 vya Tanga walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja. Baada ya miezi 15, idadi hiyo ilipungua kwa karibu nusu. Ni hatua kubwa, ingawa waliobaki nyuma nao ni wengi.

Upande wa pili una hoja nzito. Mwaka 1959 mwanaisimu wa Marekani Noam Chomsky alimkosoa Skinner akisema lugha haielezeki kwa vichocheo na tuzo, kwa kuwa mtoto hutunga sentensi ambazo hajawahi kuzisikia. Nyota zitamsaidia kukariri jedwali la kuzidisha, lakini insha, au sababu ya mafuriko ya Mto Msimbazi, haziishii kwenye kugusa jibu. Na Skinner mwenyewe hakutaka maswali ya kuchagua. Alitaka mwanafunzi aandike jibu lake, kwani kumwekea majibu ya uongo yanayofanana na ukweli ni kumfundisha makosa. Programu zetu nyingi, zikiufuata mtihani wa darasa la saba, zimechukua tuzo yake na kuliacha onyo lake.

Kuna jambo la kawaida zaidi. Baada ya Sensa ya 2022 Serikali iliwagawia walimu vishikwambi. Vinafaa kuandalia somo, lakini kishikwambi kimoja mbele ya watoto mia hakimpi hata mmoja wao nafasi ya kujibu na kusahihishwa, na bila hiyo nadharia nzima haifanyi kazi.

Kwa hiyo shule inayotaka kununua vifaa ihesabu kwanza kila mtoto atavishika kwa dakika ngapi, kisha ifungue programu na kuangalia kama inamtaka aandike au achague tu. Silabi na hesabu za kichwa ziende kwenye vifaa hivyo, kwa zamu. Muda ambao mwalimu ataokoa kwenye kusahihisha autumie kukaa na yule aliyekosa na kumuuliza: umepataje hili jibu?