Niliyaweka Peke Yangu

Kwa miaka mingi niliamini kwamba kujibu ujumbe wa kazi saa nne usiku ni udhaifu wangu mimi. Nikajiwekea masharti: simu isiingie chumbani, barua pepe zisifunguliwe jua likishazama. Hayakumaliza wiki.

Walionitoa gizani ni watafiti wa kazi za kidijitali. Mwaka 2013 Melissa Mazmanian, Wanda Orlikowski na JoAnne Yates walichapisha utafiti kuhusu wataalamu waliokuwa wakitumia simu zenye barua pepe. Watu hao walisema simu imewapa uhuru na utulivu wa moyo, kwani waliweza kushughulikia kazi popote walipo. Lakini kadiri kila mmoja alivyojibu haraka, ndivyo wote walivyozidi kutarajiana, hadi kujitenga na kazi kukawa kugumu. Hali hiyo wao wanaiita kitendawili cha uhuru. Nilisoma nikajiona. Masharti yangu yalivunjika kwa sababu niliyaweka peke yangu, ilhali mazoea yale tuliyajenga ofisi nzima.

Ndiyo maana inaniuma msomi anayeutolea maisha yake uwiano wa kazi na maisha anapodhaniwa kuwa mshauri wa kupanga ratiba. Kazi yake ni kusikiliza watu kwa muda mrefu, kisha kuuliza nani hasa ameweka matarajio yanayowachosha. Kazi hiyo haikomei kwenye takwimu moja. Mwanauchumi Nicholas Bloom na wenzake waliwafuatilia wahudumu wa simu wa kampuni ya usafiri ya Ctrip, China, kwa miezi tisa. Waliofanyia kazi nyumbani waliongeza utendaji kwa asilimia 13. Namba hiyo inanukuliwa kila mahali. Kinachosahaulika ni kwamba waliporuhusiwa kuchagua upya, sehemu kubwa ya waliokuwa nyumbani walirudi ofisini, na wengi walitaja upweke. Kwangu mimi, upweke ule una uzito kuliko ile asilimia 13.

Sheria nazo zimeanza kusogea. Tangu Januari 2017 Ufaransa inazitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi kujadiliana nao kuhusu haki ya kujitenga na vifaa vya kazi. Australia, tangu Agosti 2024, imempa mfanyakazi haki ya kutojibu nje ya saa zake, mradi kukataa kwake kusiwe kinyume cha busara. Zote nazishukuru, ila ya Ufaransa naielewa zaidi: inawaketisha watu pamoja. Haki anayoishika mtu mmoja mbele ya bosi wake ni nzito kuibeba.

Na watafiti wenyewe? Wengi wako kwenye mikataba mifupi, wanasahihisha kazi za wanafunzi usiku na kuandika makala siku za mapumziko. Vyuo vinavyojivunia matokeo yao vinapaswa kuwapa muda wa kuyatafuta bila kuteketea.

Sisi ofisini tuliketi mwaka jana tukakubaliana: ujumbe wa baada ya saa kumi na mbili jioni unasubiri asubuhi, isipokuwa wa dharura, na dharura tukaitaja kwa maneno yanayoeleweka. Wiki ya kwanza niliendelea kuichungulia simu. Wiki ya tatu mwenzangu mmoja aliniambia amelala usiku kucha bila kushtuka, na mtoto wake ndiye aliyekuja kumwamsha.