"Tumia UUID" Ni Jibu la Swali Jingine

Msimamizi wa mifumo akisema anataka diski ya data iitwe kwa jina moja katika seva zake zote za Linux, hujibiwa kabla hajamaliza sentensi: achana na sda na sdb, majina ambayo mfumo huzipa diski wenyewe, tumia UUID, namba ndefu ya kipekee inayoandikwa ndani ya diski. Jibu hilo limezoeleka kiasi kwamba muulizaji huonekana mgeni wa kazi, mtu asiyejua kwamba herufi zile hazina ahadi yoyote nyuma yake. Mara nyingi anajua vizuri tu. Alichouliza ni kingine, na wanaomjibu kwa haraka hawajakisikia.

Hata hivyo wenye jibu hilo wana hoja, tena nzito. Kerneli, kiini cha Linux, hugawa majina kwa mpangilio wa kuzigundua diski: ya kwanza sda, ya pili sdb, mpaka sdz, kisha sdaa. Uchunguzi huo hufanyika sambamba ili mashine iwake haraka, kwa hiyo diski iliyochelewa kuitika yaweza kukuta herufi yake imeshachukuliwa na jirani. Diski ikifa na kutolewa, ukiwasha upya zilizokuwa nyuma yake husogea mbele. NVMe, aina ya diski za kasi, haikuleta afueni. Nvme0n1 ya leo yaweza kuamka kesho ikiwa nvme1n1. Waliokuwepo mwaka 2007 wanaikumbuka Fedora 7, toleo mojawapo la Linux, pale diski za aina ya zamani ya IDE zilizozoeleka kuitwa hda zilipogeuka sda kwa sababu tu dereva wa kerneli alikuwa amebadilishwa. Aliyekuwa ameandika hda ndani ya fstab, faili inayoorodhesha diski za kupachikwa mashine inapowaka, alijionea.

Na anayetaka sdb iwe sdb kwa lazima hana pa kushika. udev, programu ambayo husimamia yaliyomo ndani ya /dev, saraka ya majina ya vifaa, inaweza kuipa kadi ya mtandao jina jipya, lakini jina la diski lililotolewa na kerneli haiwezi kuligusa. Inachoweza ni kuongeza viungo vya kando vinavyoelekea kwenye jina hilo. Wanaopanga kebo na nafasi za kontrola wakitumaini herufi zitatulia wanapoteza muda wao.

Ila tazama swali lenyewe. Jina la diski linaweza kutulia kwa namna mbili. Ya kwanza: seva ileile, diski ileile, jina lisibadilike baada ya kuwasha upya. Ya pili: seva hii na ile, diski zinazofanya kazi ileile, ziitwe jina moja. UUID inamaliza tatizo la kwanza kabisa. Kwa la pili inafanya kinyume, tena kwa makusudi, kwani iliundwa ili kila mfumo wa faili uwe na namba isiyofanana na nyingine popote. Seva 40 zenye kazi moja zitakuwa na UUID 40. Aliyetaka skripti moja ya kuzihudumia zote anaambiwa atengeneze orodha ya mistari 40, kisha anaambiwa kwamba tatizo lake limekwisha. Kitambulisho cha mtu hakikuelezi kama ni daktari au dereva. Muulizaji alikuwa anatafuta kazi ya diski, akapewa kitambulisho chake.

Kuna jambo moja kuhusu UUID ambalo watetezi wake hulipita haraka, nami naliona ndilo kubwa kuliko yote. UUID ya ext4 au XFS, mifumo ya faili ya Linux, huandikwa kwa herufi 36, yaani tarakimu 32 na vistari vinne. Hakuna binadamu anayesoma herufi 36. Anatazama nne za mwanzo, pengine na mbili za mwisho, halafu anaamini. Sasa fikiria anachofanya msimamizi anapotakiwa kuigusa diski kwa mkono: aipanue, aifute, aifomati, ainakili. Haandiki UUID. Anaendesha lsblk, amri ya kuorodhesha diski, anatafuta yenye ukubwa anaoukumbuka, anaona sdb, anaandika sdb. Jina lililofukuzwa kwenye fstab limerudi kupitia vidole vyake, na limerudi mahali ambapo madhara yake ni makubwa zaidi.

Pima hasara za pande hizo mbili. Jina likikosewa ndani ya fstab, systemd, programu inayowasha huduma za mashine, huisubiri diski kwa sekunde 90 kama hujaipangia vinginevyo, kisha, kama hukuweka chaguo la nofail, mashine huangukia katika hali ya dharura. Inaudhi, hasa kama seva iko mbali na huna konsoli ya kuifikia. Lakini data iko palepale. Unasahihisha mstari mmoja, unaendelea. Jina likikosewa kwenye dd, amri ya kunakili diski nzima, hakuna hali ya dharura wala swali la kuthibitisha. Data imekwenda. mkfs.xfs, amri ya kufomati kwa XFS, angalau hukataa kuandika juu ya mfumo wa faili uliopo mpaka uweke -f ya kulazimisha, na kwa sababu hiyohiyo skripti nyingi huwa tayari zimewekewa -f. Desturi yetu imelinda kwa bidii pale ambapo kosa lilikuwa linarekebishika, ikaacha wazi pale lisiporekebishika. Ukitaka kujua kwa nini watu wazima, wenye uzoefu, bado wanatamani sdb iwe sdb kila mahali, jibu liko hapo: wanajua kwamba usiku wa hitilafu, mkono utaandika jina fupi.

Halafu kuna diski tupu. UUID ya mfumo wa faili huzaliwa wakati wa mkfs, yaani wa kufomati. Ya patisheni, yaani kipande cha diski, huzaliwa jedwali la patisheni linapoandikwa. Kabla ya hapo hakuna UUID ya kutumia. Kwa hiyo katika hatua inayohitaji jina la kuaminika kuliko zote, ile ya kuamua ni diski ipi ifomatiwe, ushauri wa "tumia UUID" hauna cha kusema. Ni ushauri wa diski iliyokwisha kuandaliwa. Anayeandika taratibu za Ansible, zana ya kusimamia seva nyingi kwa pamoja, za kuandaa seva mpya anakwama kwenye mstari wa kwanza kabisa, na kwa kukosa kingine anaandika /dev/sdb. Kumcheka ni rahisi. Kumpa mbadala ndiyo kazi.

Mbadala upo. Ndani ya /dev/disk kuna by-id, inayobeba modeli na namba ya mfululizo iliyotoka kiwandani, au WWN, kitambulisho cha kipekee cha kifaa. Hiyo ipo hata diski ikiwa tupu, ila nayo ni ya diski moja tu. Kuna by-path, inayotaja anwani ya nafasi ambayo diski imechomekwa: njia gani ya PCI inayounganisha kadi na mashine, mlango upi. Hii inadharauliwa kuliko inavyostahili. Kwa seva za aina moja, zenye kontrola katika nafasi moja, by-path husema neno lilelile kwa mashine zote, kabla ya chochote kuandikwa. Ina udhaifu wake, nao unajulikana: kadi ikihamishwa au kizazi kipya cha seva kikiletwa, anwani hubadilika. Lakini inabadilika kwa sababu mtu amebadilisha kitu. sdb hubadilika bila mtu kugusa.

Diski ikishaandaliwa, jina la kazi liandikwe ndani yake, kama lebo ya mfumo wa faili. Lebo ya ext4 huchukua baiti 16, ya XFS herufi 12, na zinatosha kwa "data" au "kumbukumbu". Mstari wa fstab wenye LABEL=data ni uleule katika seva zote 40. LVM, tabaka la Linux linalounganisha na kugawa diski, ndiyo imefanya hivi kwa ukamilifu: chini inajitafutia diski zake kwa UUID ilizoandika yenyewe, bila kujali herufi za kerneli, juu inampa binadamu jina alilolichagua, lilelile kila mahali. Nashangaa hoja hii haitajwi zaidi, maana inaonyesha kwamba utambulisho wa kipekee na jina la pamoja havina ugomvi. Mashine inasoma kimoja, mtu anasoma kingine.

Wanaoendesha seva kwa wingi walilielewa hili. Google Compute Engine, huduma ya Google ya seva za kukodi, huweka kiungo ndani ya by-id kinachoanza na google- kikifuatwa na jina ulilolichagua unapoiunganisha diski. Picha za mfumo, yaani nakala kamili za Linux, zinazoandaliwa kwa ajili ya Azure, wingu la Microsoft, huwa na viungo chini ya /dev/disk/azure vinavyofuata namba ya LUN, yaani ya nafasi ya diski, uliyoipanga. Kwa AWS, wingu la Amazon, mashine za kizazi cha Nitro huonyesha kila diski kama NVMe, hata ile uliyoiomba kwa jina la /dev/sdf. Amazon Linux ikawekewa kanuni za udev zinazouliza diski yenyewe iliombwa kwa jina gani, kisha kulirudisha jina hilo kama kiungo. Anayejiendeshea mashine pepe kwa QEMU anaweza kuipa diski ya virtio, yaani diski pepe, namba ya mfululizo ya kubuni, mpaka baiti 20, na ndani ya mashine ikaonekana kama /dev/disk/by-id/virtio-data. Hakuna kati ya hawa aliyeishia kumwambia mteja atumie UUID. Wote walijenga njia ya jina la kazi kuifikia mashine kabla ya mkfs.

Hifadhi ya pamoja ndiyo sehemu ambayo ubishi ulikwisha zamani. LUN moja, yaani diski moja ya hifadhi hiyo, ikionekana na seva mbili, moja yaweza kuiita sdc na nyingine sdf. Multipath, inayounganisha njia kadhaa za kuifikia diski moja, ikiwashwa na majina yake rafiki, kila seva hujigawia mpatha, mpathb na kuendelea kwa mpangilio wake, ikayaandika katika faili yake ya bindings. Hivyo mpathb ya hapa si lazima iwe mpathb ya pale. Mtu anayefomati "diski isiyotumika" katika nodi moja anaweza kuwa anafuta hifadhidata inayoendeshwa na nyingine. Dawa inajulikana: WWID ya LUN, namba yake ya kipekee, ni ileile kwa seva zote, basi funga jina la kazi juu ya WWID hiyo kwa alias ndani ya multipath.conf, na faili hiyo iwe moja kwa nodi zote. Sijamsikia mtu akiwaita wasimamizi wa hifadhidata wageni wa kazi kwa kutaka hivyo.

Jina la pamoja lina gharama, na wapinzani wake hawaizushi. Chomoa diski ya seva moja uichomeke kwenye nyingine ili kuokoa data, sasa una LABEL=data mbili katika mashine moja. Kiungo ndani ya by-label ni kimoja, kitaelekea kwenye mojawapo, na huenda si ile uliyodhani. Vikundi viwili vya LVM vyenye jina moja vitakulazimisha kubadilisha jina la kimoja kwa kutumia UUID yake kabla ya kuendelea. Lebo moja ya mzizi, mfumo wa faili wenye Linux yenyewe, kwenye diski mbili ni hatari zaidi, kwani seva yaweza kuwaka kutoka kwenye mfumo usio wake. Na linapokuja suala la kuchomoa diski iliyokufa kutoka kwenye RAID, kundi la diski zinazofanya kazi kama moja, jina la kazi halisaidii chochote. Unahitaji namba ya mfululizo iliyochapwa kwenye kibandiko, ndiyo maana watu wa ZFS, mfumo mwingine wa faili, wanapenda by-id, na wako sahihi.

Ila UUID nayo isisifiwe kwa upekee isiokuwa nao siku zote. Mashine pepe zilizonakiliwa kutoka kiolezo kimoja zina UUID moja zote, kwa hiyo wako wanaopata usawa wa majina bila kuutafuta. Ukiunganisha nakala pembeni ya asili yake, XFS hukataa kuipachika ya pili mpaka utumie nouuid, na btrfs, mfumo mwingine wa faili, inaweza kuharibu data kabisa. Migongano ipo pande zote. Tofauti ni kwamba lebo hugongana diski mbili zikikutana, UUID hugongana mtu akinakili.

Kwa hiyo mpaka wangu uko hivi: jina la kazi kwa skripti, fstab na mikono ya kila siku, UUID na namba ya mfululizo kwa siku ya upasuaji, diski zinapohamishwa, kunakiliwa au kutolewa. Nakiri kuna mahali ambapo mgao huu haunyooki. Seva halisi za vizazi mchanganyiko, zenye diski tupu za ukubwa mmoja, bila jukwaa la kuzipa majina na bila by-path inayofanana, bado zinahitaji orodha ya kila seva inayosema namba hii ya mfululizo ni ya data. Orodha hiyo inachosha kuitunza, na mstari mmoja ukikosewa skripti itaelekea kwenye diski ya wenyewe. Angalau iendeshe wipefs bila chaguo lolote kabla ya mkfs. Kwa namna hiyo wipefs haifuti kitu, inaorodhesha tu alama ilizozikuta. Ikirudisha hata mstari mmoja, skripti isimame hapo na kutaja namba ya mfululizo ya diski iliyoikuta.