Ekzosi ya kuchonga na waranti ya pikapu: angalia unakata wapi

Waranti ya pikapu mpya haifi yote kwa sababu umegusa ekzosi, ukatoa ya kiwandani na kuchongesha nyingine kwa fundi. Hufa kipande kipande, na kipande kinachokufa hutegemea ulikata bomba wapi. Huku Mombasa, kule Changamwe na Jomvu, swali hili huulizwa kwa jumla na kujibiwa kwa jumla: fundi wa welding atasema "haina neno", mtu wa kampuni iliyouza gari atasema "ukigusa tu, basi". Kila mmoja anavutia upande wa riziki yake.

Lala chini ya gari la dizeli ulifuate bomba kutoka mbele. Moshi hutoka kwenye manifodi, lile bomba linalokusanya moshi wa injini, ukazungusha turbo, ukapita kwenye fleksi, ule mkono wa chuma kilichosukwa unaonyumbuka, kisha ukaingia kwenye katalisti inayosafisha moshi. Magari mengi ya kisasa yana pia chujio la masizi, lile mafundi wanaliita DPF. Halafu bomba tupu, sailensa na mkia. Sasa tafuta nyaya: sensa za joto kwenye chujio, na vile vibomba viwili vyembamba vinavyopanda hadi sensa ya presha. Ukishaipita sensa ya mwisho, kompyuta ya gari haioni tena kinachoendelea. Mimi mpaka wangu ni hapo. Nyuma yake chonga. Mbele yake subiri waranti iishe.

Ukibadilisha sailensa na mkia peke yake, kampuni ina haki ya kukunyima waranti ya vitu hivyo, mipira yake ya kuning'inizia, na malalamiko ya kelele au mtetemo. Giaboksi, eesii na suspensheni haviingii humo. Wakikwambia giaboksi imeharibika kwa ajili ya mkia, waombe wakuandikie jinsi mkia ulivyoiharibu. Ila kazi yenyewe iwe kazi. Hewa yetu ya chumvi haina huruma na chuma cha kawaida, kwa hivyo chukua stenlesi ya 304, unene wa milimita 1.5, ichomewe kwa TIG, welding ya gesi ya agoni, na waya wa 308L. Bomba la kiwandani mara nyingi ni la stenlesi ya daraja la 409. Pa kuliunga na lile jipya panataka waya wa 309L. Ukimwona fundi ameshika fimbo zile zile anazochomea mageti, ujue kutu itaanzia kwenye kiungo.

Fleksi isiguswe. Injini imekalia mipira, na kila ukikanyaga mafuta inajipinda kidogo. Fleksi ndiyo inayoubeba mtikisiko ule. Fundi akiitoa na kuchomea bomba lililonyooka, nguvu yote inahamia kwenye flanji ya turbo na manifodi. Boliti zinakatika, gasketi inaungua, manifodi inapata ufa. Utaona mstari mweusi wa masizi kwenye kiungo na gari litapoteza nguvu mlimani Mazeras. Hapo kampuni ikikataa kulipia turbo, mimi niko upande wao.

Kubwa kuliko yote ni kutoa DPF. Sababu ya watu kuitoa naielewa. Masizi hutaka joto la karibu digrii 600 ili yaungue, na gari linalosubiri feri Likoni au kujikokota kwenye foleni ya Changamwe halifiki huko. Kompyuta hujaribu kuongeza joto kwa kupuliza dizeli ya ziada. Ukizima gari katikati ya zoezi hilo mara kwa mara, dizeli nyingine huteremka kwenye oili, na ukichomoa kijiti cha kupimia unakuta oili imepanda juu ya alama. Taa ya DPF inawaka. Fundi anasema: toa.

Analokufanyia ni kufungua kopo la chujio, kuvunja kauri ya ndani kwa nondo, kisha kulichomea upya lionekane zima. Sensa ya presha inashangaa, gari linapunguziwa nguvu, na sasa inabidi programu ya kompyuta nayo ibadilishwe. Hapo ndipo umejiandikia ushahidi. Skana ya kampuni, kile kifaa cha kusomea kompyuta ya gari, husoma namba ya programu na kuilinganisha na ya kiwandani, na kompyuta nyingi huhesabu zimeandikwa mara ngapi, kwa hivyo kurudisha programu ya zamani huenda kusikusaidie. Tena hata skana haihitajiki: pitisha kidole ndani ya mkia. Gari lenye DPF nzima halikuachii masizi ya maana kidoleni. Lililotolewa linakupaka wanja. Utakachopoteza ni injini, turbo, pampu na nozeli, na kama nguvu iliongezwa, hata giaboksi watakuwa na hoja ya kuikataa.

Kwa gari lenye waranti huo ni wendawazimu, kwa sababu dawa yake ni rahisi. Tangi lisiwe chini ya robo, toka na barabara ya Nairobi, upite mizani ya Mariakani, uende kilomita 70 hadi 80 kwa saa bila kusimama kwa dakika 20 hadi 30, kwenye gia inayoiweka injini karibu na mizunguko 2,000. Taa isipozima, kampuni iyachome masizi ya chujio kwa kutumia skana, tena kwa waranti kama bado ipo. Kama oili imepanda, imwagwe, na ile mpya iwe ya daraja la ACEA C lililoandikwa kwenye kitabu cha gari, kwa sababu oili nyingine huacha majivu mengi zaidi kwenye chujio, na majivu hayaungui kamwe. Dizeli ya mitungi kando ya barabara usinunue. Ya vituoni salfa yake ilishushwa hadi ppm 50, yaani sehemu 50 kwa milioni, mwaka 2015. Ya mtungini hujui imechanganywa na nini.

Uchomeaji wa umeme nao una madhara yake. Betri ifunguliwe, hasi kwanza, na kibanio cha ethi cha mashine ya welding kikae kwenye bomba lenyewe karibu na panapochomewa. Kikibanwa kwenye chesi huko mbele, umeme utajitafutia njia, na njia hiyo yaweza kuwa kompyuta, alteneta au beringi. Fundi akikucheka kwa kumwambia hivyo, washa gari uondoke.

Wenye malori waangalie jambo moja zaidi: breki ya ekzosi. Kipepeo chake hufanya kazi kwa kuzuia moshi, na kiungo kinachovuja mbele yake kinaipunguzia nguvu. Ukishuka Mazeras na mzigo, breki za magurudumu ndizo zitakazolipa.

Kuhusu sheria, video nyingi mtandaoni zinataja sheria ya Marekani ya 1975, Magnuson-Moss, kwamba kampuni haiwezi kukufutia waranti kwa kufunga kipuri cha nje tu. Hiyo ni ya Marekani. Huku Kenya tuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 na ile ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, zinazotaka bidhaa iwe ya ubora unaofaa, lakini waranti yenyewe, kwa mfano ya miaka 3 au kilomita 100,000, ni mkataba, na masharti yake yako kwenye kitabu cha waranti. Tafuta kifungu cha mabadiliko ya gari. Kikisema hawalipi uharibifu "uliosababishwa na" mabadiliko, una pa kusimamia. Kikisema mabadiliko yoyote yanafuta waranti, usikate kitu kabla ya kuwaandikia barua pepe na kupata jibu. Maneno ya mdomo ya kaunta hayana mwenyewe siku injini ikigonga.

Piga picha za bomba kabla na baada, na uombe skana ichapishwe siku ya kazi, ionyeshe hakuna kosa lililorekodiwa. Palipo na flanji ya kiwandani, kazi ifungwe hapo kwa boliti, bomba lisikatwe. Sailensa ya kampuni usimpe mtu wa skrepa: siku gari likianza kukohoa, irudishe, liendeshe siku mbili tatu, na kama kikohozi kiko pale pale, peleka gari hivyo hivyo na umwambie mkaguzi aandike hilo kwenye jobu kadi.