Mama Hana Kura, na Amehudumiwa

Juzi nilimsindikiza jirani yangu, mama wa Kikongo kutoka Bukavu, hadi ofisi ya mbunge wetu wa mkoa hapa York South–Weston, Toronto. Cheti cha kuzaliwa cha mwanawe kilikuwa kimekwama muda mrefu, na mimi nilikwenda kumtafsiria tu. Karani alimuuliza jina, anwani na namba ya simu, akatoa nakala za stakabadhi zake, akaahidi kufuatilia. Basi. Mama huyu hajawa raia, kwa hiyo hana kura. Hakuna aliyemuuliza yeye ni wa nani.

Nilitoka pale na furaha, na papo hapo roho ikaniuma. Kule kwetu Pwani ya Kenya, jimbo silitaji, dada yangu alipeleka fomu ya basari ya mwanawe ofisi ya mbunge akaulizwa kwanza amejiandikisha kupiga kura kituo gani, halafu: "Nyinyi si wale wa upande wa pili?" Basari haikutoka. Kijana alikaa nyumbani muhula mzima, naye alikuwa na alama nzuri kuliko waliopewa.

Najua mtakaloniambia. Ushavuka bahari, umejiona Mzungu, sasa unatuchamba. Hapana, ndugu zangu. Mimi nalipa karo huko kila muhula, na najua nalipa kwa sababu gani. Wengine mtasema hawa wa Kanada wametulia kwa kuwa siasa zao hazina moto. Someni historia ya kiti hiki basi. Kilipokuwa York South, Donald C. MacDonald alikikalia tangu 1955 hadi 1982, akampisha Bob Rae, mwenzake wa chama cha NDP, ambaye baadaye akawa waziri mkuu wa Ontario, 1990 hadi 1995. Rae alipoondoka 1996, uchaguzi mdogo ukakipeleka kwa Waliberali. Mwaka 1999 serikali ilipunguza viti vya mkoa kutoka 130 hadi 103, mipaka ikachorwa upya, York South ikaunganishwa na Weston. Mwaka 2007 watu walipiga kura mara mbili: Februari NDP wakashinda kwa kura za kuhesabika, Oktoba Waliberali wakakirudisha. Mwaka 2018 akaingia Faisal Hassan wa NDP, mzaliwa wa Somalia. Mwaka 2022 Wahafidhina wakakinyakua kupitia Michael Ford, na tangu 2025 anacho Mohamed Firin wa chama hicho hicho. Hicho ndicho kiti kilichotulia?

Na ndiyo, Michael Ford ni mpwa wa waziri mkuu Doug Ford. Sikatai kwamba koo za siasa ziko huku pia, kama jimbo la Mvita, Mombasa, lilivyomjua baba, Shariff Nassir, kisha likamjua mwana, Abdulswamad. Jamaa kurithishana siasa hakunikoseshi usingizi. Kinachonikosesha usingizi ni mtoto kuadhibiwa kwa kura ya mamake.

Huku mbunge wa mkoa hana mfuko wa karo wa kugawa. Mwanafunzi wa chuo anayetaka msaada anaomba kwenye mpango wa mkoa, kwa vigezo vinavyojulikana, na mbunge hahusiki. Pesa haipiti mkononi mwake, basi atakuchunguza ulimpigia nani ili iweje? Sisi Kenya, kupitia mfuko wa maendeleo ya majimbo (CDF), tangu 2003 tumeiweka pesa ya umma, kodi yetu wenyewe, chini ya kivuli cha mheshimiwa, tukazoea kuiita yake. "Mheshimiwa amenisomeshea mtoto." Amekusomeshea kwa pesa ya nani? Septemba 2024 Mahakama Kuu ilisema sheria ya 2015 ya mfuko huo inakiuka katiba, na wabunge wetu wakakimbilia kutaka kuuingiza ndani ya katiba yenyewe. Mkiona watu wanapigania kitu hivyo, jiulizeni kinawalisha nini.

Hawa wa Kanada nao wananichosha. Mwaka 2022 waliojitokeza kupiga kura Ontario nzima hawakufika nusu ya walioandikishwa. Kituo cha kura kiko karibu, hakuna foleni, na mtu anakuambia kazi zimembana. Mwaka huo huo, kwenye uchaguzi wa kule nyumbani, mama yangu, na magoti yake yale, alikuwa mstarini kabla ya adhana ya alfajiri, na chupa yake ya chai, na hakutoka mpaka kidole kimetiwa wino. Nikisimulia hilo kazini najisikia fahari kabisa. Kwa hiyo msiniambie watu wetu hawajui demokrasia. Wanaijua, wanaiamkia usiku, halafu wanaporudi na fomu mkononi wanaulizwa wao ni wa nani.

Uchaguzi wa Agosti 2027 ukikaribia, wagombea watakuja tena na leso na unga. Pokeeni, ni pesa yenu. Lakini kila atakayepanda jukwaani mtakeni aseme mbele ya watu kwamba orodha ya waliopata basari na vigezo vyake itabandikwa mlangoni, na kwamba hakuna karani wake atakayemuuliza mzazi amejiandikisha wapi. Akikataa kulisema, mwulizeni kwa nini, na msimwache ashuke kabla hajajibu.